Waliocheka ndio waliokasirika: je, kuchanganya tanzu kunafukuza watazamaji?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na wenzangu watatu tunaandika tamthilia ya televisheni ya sehemu kumi. Inamhusu baba mstaafu na watoto wake watu wazima wanaogombea nani abaki na nyumba. Sehemu tatu za kwanza ni vichekesho vitupu. Mwisho wa sehemu ya nne mjomba wao anakutwa amekufa chini ya ngazi, na inabainika kwamba alisukumwa. Kuanzia hapo tunaingiza upelelezi, mapenzi kati ya binti mkubwa na mpelelezi, na mambo ya kutisha kidogo, kwa sababu nyumba ina siri ya zamani. Tulirekodi sehemu sita za majaribio tukawaonyesha watu kama ishirini. Waliocheka sana mwanzoni ndio waliokasirika zaidi. Mmoja alisema, 'Sikujua nicheke au niogope.' Mtayarishaji anataka tuchague utanzu mmoja, yaani aina moja ya hadithi. Mwenzetu anasema siku hizi kila tamthilia inayovuma ni mchanganyiko, na kwamba tukiweka vichekesho, mapenzi, upelelezi na hofu tutapata watazamaji wa makundi yote manne. Nani yuko sahihi? Nimeambatanisha muhtasari, pamoja na kurasa za sehemu ya kwanza na ya tano."*

Ndugu mwandishi, nakushukuru kwa kuambatanisha kurasa, maana bila hizo ningebaki kupiga ramli. Nikikuelewa vizuri, huulizi kama kuchanganya kunaruhusiwa. Unaogopa kwamba mmewapoteza watu ambao tayari walikuwa wenu, na hujui kama kilichowafukuza ni mchanganyiko wenyewe au ni namna mlivyouandika. Niseme mapema ninavyoona: mwenzenu amekosea hesabu, na mtayarishaji ameona homa akadhani ndiyo ugonjwa. Kifo cha mjomba hakina shida. Shida iko sehemu ya kwanza na ya tano.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayosikika kila mahali. Mwenzenu anajumlisha: wapenda vichekesho, ongeza wapenda mapenzi, ongeza wapenda upelelezi, ongeza wapenda kutishwa. Watu hawajumlishwi hivyo. Anayependa upelelezi lakini hawezi kuvumilia kutishwa habaki kwa ajili ya robo anayoipenda. Anaondoka kwa sababu ya robo asiyoitaka. Kila utanzu mnaouongeza unakuja na watu wake, na unakuja na masharti yake pia, na atakayefika sehemu ya kumi ni yule anayeyakubali masharti yote kwa pamoja.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2006 mtafiti Greta Hsu alichapisha kazi yake kuhusu filamu za Marekani, na alichokuta kinafaa kubandikwa ukutani mwa kila chumba cha waandishi: filamu zilizogusa tanzu nyingi zilivuta watu wengi zaidi, lakini watu hao walizipenda kidogo kuliko wanavyozipenda filamu zilizotulia kwenye utanzu wao. Sasa fikiria tofauti ya filamu na tamthilia. Mtu wa sinema analipa mara moja, kabla hajaona kitu, na akitoka amenuna fedha yake imeshabaki mlangoni. Nyinyi mnamhitaji arudi mara kumi. Faida ya mchanganyiko inapatikana mlangoni, na hasara yake inatokea kwenye kiti. Ndiyo maana ushauri unaoweza kuifaa filamu ya saa mbili unaweza kuiua tamthilia ya sehemu kumi.

Wazo la kumridhisha kila mtu linatoka kwenye zama nyingine. Marekani ilipokuwa na mitandao mitatu mikubwa ya televisheni, Paul Klein, aliyesimamia upimaji wa watazamaji pale NBC, mmoja wa mitandao hiyo, alieleza kwamba watu hawachagui kipindi: wanaamua kutazama televisheni, kisha wanabaki na kile kinachowakera kidogo kuliko vingine. Katika dunia ile, tamthilia yenye kidogo cha kila kitu ilikuwa na mantiki. Leo mtu ana maelfu ya vipindi kwenye simu yake. Kutomkera hakutoshi tena.

Hata hivyo mwenzenu hajatunga kila kitu. Ni kweli kwamba majukwaa ya mtandaoni yanaupenda mchanganyiko, kwa sababu unaonekana kwenye rafu nyingi. Mwaka 2014 mwandishi mmoja wa Marekani alihesabu vijitanzu ambavyo Netflix ilivitumia kupanga kazi zake, akapata 76,897. Tamthilia yenu ingeweza kutajwa kwenye vingi kati ya hivyo. Lakini kutajwa kunaleta mbofyo mmoja tu, na mnachohitaji ni mtu amalize.

Kwa upande wa mtayarishaji, "chagueni utanzu mmoja" ni ushauri wenye nia njema unaopuuza historia ya televisheni. Tamthilia ya Hill Street Blues ilianza NBC mwaka 1981 kwa kuchukua hadithi za polisi na kuziingiza ndani ya mwendo wa tamthilia za kila siku: wahusika wengi, visa visivyokwisha kipindi kimoja, ndoa zinazovunjika katikati ya kazi. Msimu wa kwanza watazamaji walikuwa wachache. Mwaka huohuo ikazoa tuzo 8 za Emmy, tuzo kubwa za televisheni za Marekani, ikaendelea hadi 1987, na tamthilia nyingi za polisi zilizokuja baadaye zimefuata nyayo zake. Kile tunachokiona leo kuwa utanzu safi mara nyingi ni mchanganyiko wa jana uliozoeleka.

Muulizeni pia anamaanisha utanzu wa ndani au wa kwenye bango. Hivyo ni vitu viwili. Orange Is the New Black, tamthilia ya gereza la wanawake, ilishindania Emmy ya vichekesho mwaka 2014; mwaka uliofuata waandaaji wa tuzo wakaamua kwamba kipindi cha nusu saa kihesabiwe kichekesho na cha saa nzima kihesabiwe drama, nayo ikahamishwa. Mwigizaji wake Uzo Aduba akashinda pande zote mbili, kwa mhusika yuleyule. Hakuna mtazamaji aliyesikia tofauti nyumbani kwake. Kwa hiyo kama mtayarishaji anataka neno moja la kuwauzia vituo, mpeni neno moja bila kinyongo. Kama anataka mfute maiti, hapo endeleeni kusoma.

Utanzu unafanya nini hasa kichwani mwa mtazamaji? Unamwambia jambo linaloweza kutokea hapa, na litauma kiasi gani likitokea. Mtu akianguka ngazi katika kichekesho, tunacheka kwa sababu tumehakikishiwa kwamba atainuka mzima. Mtu huyohuyo akianguka ngazi zilezile katika tamthilia ya taharuki, tunashika mdomo. Mwili ni uleule na mvutano wa ardhi ni uleule; kilichobadilika ni uzito wa matokeo. Mtazamaji anaupima uzito huo mapema sana, kwa muziki, kwa mwanga, kwa kasi ya mazungumzo, na zaidi kwa mtu wa kwanza kuumia: je, aliumia kweli? Akishapima, halinganishi tena. Anaendesha hisia zake kwa kipimo hicho mpaka mtakapompa sababu nzuri ya kukibadilisha.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda kuliko yote ni M*A*S*H, iliyorushwa na CBS kuanzia 1972 hadi 1983, kuhusu madaktari wa jeshi la Marekani katika vita ya Korea. Ilikuwa vichekesho, na kituo kilisisitiza kiwekwe kicheko cha kurekodiwa, kama ilivyokuwa desturi. Watengenezaji hawakutaka. Wakakubaliana nusu kwa nusu: kicheko kisisikike ndani ya chumba cha upasuaji. Madaktari walitaniana humo huku mikono ina damu, na hakuna sauti iliyomwambia mtazamaji acheke. Kwa njia hiyo aliishi na vipimo viwili bila kuchanganyikiwa, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na chumba chake.

Kisha, Machi 1975, wakamuua mhusika mpendwa, Henry Blake. Ameruhusiwa kurudi nyumbani, ameagwa kwa vicheko na machozi, halafu mtu anaingia chumba cha upasuaji na kusoma habari kwamba ndege yake imetunguliwa na hakuna aliyepona. Watu waliandika barua za hasira, kama hao ishirini wenu walivyonuna. Lakini hawakuhama. Sehemu ya mwisho ya tamthilia hiyo, Februari 1983, ilitazamwa na watu wapatao milioni 106 nchini Marekani. Zingatia mahali habari ile iliposomwa: katika chumba ambacho kwa kawaida hakikuwekewa kicheko. Kifo kilikuwa kikizunguka kambini tangu siku ya kwanza, ila siku hiyo kilimfikia mtu tunayemjua.

Tuone upande wa pili. Steven Bochco, mmoja wa waasisi wa Hill Street Blues, mwaka 1990 aliwaletea mtandao wa ABC mchanganyiko mwingine: Cop Rock, tamthilia ya polisi ambamo wahusika wanasimama na kuimba. Katika sehemu ya kwanza jopo la waamuzi mahakamani linatoa hukumu kwa kuimba kama kwaya ya injili. Ilifutwa baada ya sehemu 11. Fundi alikuwa yuleyule, na hadithi za polisi hakuna aliyezijua kumzidi. Kwa maoni yangu kilichomwangusha ni kwamba tamthilia yake ya polisi ilipata nguvu kwa kudai kwamba haya ni maisha, ndivyo yanavyouma, na kila wimbo uliondoa dai hilo bila kutoa sababu. Wimbo peke yake hauna kosa. Buffy the Vampire Slayer, tamthilia ya msichana anayepambana na mapepo, ilifanya sehemu nzima ya kuimba mwaka 2001 na ikapendwa sana, kwa sababu ndani ya hadithi kulikuwa na pepo aliyewalazimisha watu kuimba, na kuimba kulikuwa na gharama: siri zilitoka midomoni bila hiari.

Sasa twende kwenye kurasa zenu. Sehemu ya kwanza, ukurasa wa sita: mjomba anateleza kwenye ngazi zilezile zitakazomuua, anabingirika ngazi nane, anagonga kabati la vyombo, anainuka na kuuliza chakula kiko wapi. Ni tukio la kuchekesha, nilicheka. Lakini mmemfundisha mtazamaji kwamba ngazi za nyumba hii haziui. Sehemu tatu nzima ameishi kwa kanuni hiyo, kisha mnamwambia zimeua. Yule aliyecheka zaidi ndiye aliyeiamini kanuni zaidi, na ndiye anayejiona ametapeliwa. Hasira yake ni ushahidi kwamba vichekesho vyenu vinafanya kazi.

Kisha sehemu ya tano, ukurasa wa pili. Ni asubuhi baada ya maiti kuondolewa, na kaka mdogo anauliza nani atarithi chaja ya marehemu. Dada anacheka. Hakuna anayenyamaza, hakuna anayetoka chumbani, hata baba aliyefiwa na shemeji yake anajibu kwa utani. Hapa ndipo mlipowapoteza. Mtazamaji alikuwa ameanza kubadilisha kipimo chake, kwa shida, kwa heshima ya kifo mlichompa, halafu nyinyi wenyewe mmekipuuza kifo hicho. Sasa hana kipimo cha vichekesho wala cha msiba. "Sikujua nicheke au niogope" ni kauli ya mtu aliyeachwa hewani. Utani wa msibani upo, familia zote zinaujua, lakini unachekesha kwa sababu kuna kitu kizito unakikwepa. Kwenu hakuna kinachokwepwa.

Linganisha na Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini ya mwaka 2021, ambamo watu wenye madeni wanacheza michezo ya watoto na anayeshindwa anauawa. Hakuna mchanganyiko mgumu kama ule: michezo ya watoto na mauaji ya halaiki. Sehemu ya kwanza inaishia kwenye umwagaji damu mkubwa. Mwandishi mwenye papara angetuletea mchezo mwingine papo hapo. Mwandishi wake, Hwang Dong-hyuk, alifanya kinyume: karibu sehemu yote ya pili haina michezo. Washiriki wanapiga kura, wanarudi makwao, na tunakaa na madeni yao, mama mgonjwa, aibu, mshahara usiolipwa. Ni drama ya umaskini tupu. Wanaporudi mchezoni kwa hiari yao, kila mchezo umebeba uzito wa nyumba walizotoka. Nyinyi mna nafasi hiyohiyo katika sehemu ya tano, na mmeijaza utani wa chaja.

Sasa mfanyeje? Kufuta kifo mkabaki na vichekesho ni njia salama, na siidharau. Ugomvi wa urithi unatosha kabisa sehemu kumi, na kama mnachokipenda kweli ni baba na watoto wake, huenda ndiyo tamthilia yenu. Mtapoteza kitu kimoja tu, nacho ni kikubwa: swali la kumrudisha mtu wiki ijayo. Vichekesho humrudisha mtu kwa mapenzi ya wahusika, na hayo huchukua muda kukua. Upelelezi humrudisha kwa swali, hata kabla hajawapenda.

Njia ya pili, ambayo nina hakika mtu atawashauri, ni kufungua sehemu ya kwanza kwa maiti chini ya ngazi, kisha maandishi "wiki tatu kabla." Itafanya kazi kiasi, kwa sababu inatangaza uzito mapema. Lakini imetumika mpaka imechakaa, na itawaharibia sehemu tatu za kwanza: kila utani utasubiri maiti.

Mimi ningechagua njia isiyoonekana. Acheni kifo pale kilipo, rekebisheni anguko la kwanza. Mjomba ateleze, abingirike, agonge kabati, aulize chakula, na tucheke, ila ainuke mkono umevunjika. Plasta ibaki mkononi mwake sehemu zote tatu. Wamtanie kwa sababu yake, ashindwe kufunga vifungo, binti mkubwa amkatie nyama. Hamtapoteza kicheko hata kimoja, na mtazamaji ataelewa bila kuambiwa kwamba katika nyumba hii mtu akianguka huumia. Kisha sehemu ya tano iandikeni upya yote. Ipunguzeni mwendo. Utani wa chaja ubaki kama mnaupenda, lakini asiyecheka awe mmoja, na kamera imtazame huyo.

Kuhusu tanzu nne, hapa nitakuwa mkali kidogo. Mapenzi ya binti na mpelelezi hayana shida. Yanakaa ndani ya upelelezi bila kudai kanuni mpya. Hofu ndiyo inayonitia wasiwasi. Upelelezi unamwahidi mtazamaji kwamba jibu ni la kibinadamu na lingeweza kukisiwa. Ikiwa nyumba yenyewe inaweza kusukuma watu, basi kila dalili aliyoikusanya ni bure, na swali lililomrudisha linakufa. Tanzu mbili zinaweza kuishi pamoja zikiwa na vipimo tofauti, lakini hazivumiliani pale kanuni ya moja inapofuta swali la nyingine. Hata Twin Peaks, tamthilia ya Marekani ya mwaka 1990, iliyochanganya upelelezi, tamthilia ya kila siku, ndoto na kutisha kwa ujasiri ambao bado unastaajabisha, ilining'iniza yote kwenye swali moja: nani alimuua msichana Laura Palmer? Lilipojibiwa katikati ya msimu wa pili, watazamaji wakaendelea kupungua, na mwaka 1991 ikafutwa. Kwa hiyo siri ya nyumba iwe ya wanadamu, hati, jina, mtoto asiyetajwa, na iogopeshe kwa sababu hiyo.

Mkishaandika upya, pimeni tena, lakini msiulize watu kama wamependa. Watu wastaarabu watajibu ndiyo, wenye hasira watajibu hapana, na hamtajifunza kitu. Simamisheni picha dakika ya kumi ya sehemu ya kwanza na muulize: unadhani kitu kibaya zaidi kinachoweza kutokea hapa ni kipi? Kama wote wanasema "watagombana," plasta haijafanya kazi. Kama wachache wanasema "mtu ataumia," mko njiani. Mwisho wa sehemu ya nne waulizeni swali moja tu: unataka kujua nini? Wakijibu "nani kamsukuma," swali lenu limeshika. Wakijibu "kwa nini mmemuua," bado.

Kuna mambo siwezi kuyaona kwenye kurasa. Nyinyi ni wanne, na nikisoma mazungumzo nahisi mmoja anaandika vichekesho, mwingine upelelezi, kila mtu kwenye kona yake. Kaeni meza moja na waigizaji, someni sehemu ya nne na ya tano kwa sauti mfululizo, mkiwa na mhariri wa mswada ambaye hakushiriki kuandika, na mwongozaji awepo, na mtu wa muziki pia, kwa sababu muziki mchangamfu ukiingia mahali pabaya unaweza kufuta kazi yote ya plasta. Hilo halifanyiki kwa barua. Na kama mtayarishaji ameanza kuzungumzia kubadilisha utanzu kama sharti la kuendelea kulipa, msimjibu kwa maandishi kabla wakili anayejua mikataba ya utayarishaji hajausoma mkataba wenu, hasa kifungu kinachosema nani ana neno la mwisho juu ya mswada.